Namba Iliyobaki Ng'ambo ya Ruzizi

Hakuna aliyeniandikia barua ya kustaafu. Mtu aliyejiajiri hujistaafisha mwenyewe: siku moja macho yanakataa, unaizima mashine, unamwuzia mwingine meza, na kesho yake watu wanakufuata nyumbani wakisema simu imekataa kufunguka. Naandika haya kwa ajili yenu mliobaki kwenye sekretaria za Kimanga, Mulongwe na Kalundu, mitaa hii ya Uvira, Kongo, ninyi mnaowafungulia watu akaunti, mnaowatolea fotokopi na kuwaandikia barua. Wengi wenu mlipita mikononi mwangu. Waliobaki walijifunza kwa kuchungulia dirishani pangu, na mimi niliwaona.

Sitaandika habari za kipato. Anayetaka kujua nilipata nini aitazame nyumba yangu ya matofali ya kuchoma, kisha anyamaze.

Nilirudi kutoka kambi ya Tanzania na begi moja. Ndani yake kulikuwa na diploma yangu ya informatika, imefungwa katika nailoni mbili ili maji ya ziwa yasiiguse. Wenzangu walishuka bandarini na masufuria, magodoro na mbuzi mmoja mgonjwa. Nilipoulizwa nimerudi na nini, nikaitoa karatasi yangu, na watu wakacheka hadi mabaharia wakaja kutazama. Sina kinyongo. Karatasi ile niliitundika ukutani mwa duka langu la Kimanga, juu ya mashine ya fotokopi, na kuanzia hapo jina langu la ubatizo likasahauliwa. Nikawa Papa Diploma. Mama Riziki, aliyekuwa akiuza mandazi mlangoni pangu, ndiye aliyenibatiza upya, na alikusudia kunidhihaki. Jina likanikaa kama koti lililoshonwa kwa kipimo.

Siku ya kwanza aliingia mtu mmoja wa magari ya mizigo, akasimama katikati ya duka.

"Papa, ninataka Facebook."

"Facebook ya namna gani?"

"Kama ile ya Jean."

Jean alikuwa dereva mwenzake. Nikamfungulia. Ilipofika sehemu ya neno la siri, nikamsogezea kibao cha herufi aandike mwenyewe. Alikasirika kabisa. "Minye nitaandika nini? Andika weye, bakia nayo. Nikisahau nitauliza nani?"

Hapo mnapaswa kuelewa hali ya nyakati zile, maana hata leo haijaisha. Kwetu mtu akisafiri humwachia jirani ufunguo wa nyumba. Kumkatalia ufunguo wake ni kumwambia kwamba humpendi. Kwa hiyo wenye sekretaria wote walishika maneno ya siri ya wateja wao, na ili wasisahau, waliwapa wote neno lilelile: jina la mji na tarakimu tatu zinazofuatana. Mtaa mzima ulilala nyuma ya mlango mmoja. Mimi peke yangu nilikataa. Nilipoteza wateja, nikaitwa mwenye majivuno, na walioniita hivyo hawakukosea sana.

Lakini nitakuwa mkweli: kukataa huko sikukuzua mwenyewe. Alinifundisha Mzee Melkiori, Murundi wa Mutarule, aliyekuwa amepiga taipu vyeti vya ubatizo miaka mingi kabla ya kompyuta kufika kwetu. Nilimpa kiti katika duka langu kwa sababu alijua kutengeneza roli za mashine kwa mpira wa baiskeli. Alikuwa na kikohozi kibaya na ulimi mbaya zaidi. Mteja alipoanza kuandika siri yake, mzee alinigonga bega.

"Geuka."

"Nigeuke wapi?"

"Tazama ukuta."

"Mzee, mimi si mwizi. Nina diploma."

"Leo si mwizi. Kesho akiibiwa, atakayefikiriwa kwanza ni weye. Diploma haitakutetea. Mgongo wako ndio utakutetea."

Nikageuka. Nimeutazama ukuta ule miaka yote, nikawa naujua kila ufa wa saruji yake. Wateja walizoea, wakawa wananiambia wenyewe, "Papa Diploma, geuka basi." Kama kuna jambo moja nililoliacha Kimanga, ni hilo la kugeuka. Naona baadhi yenu mmeanza kuliacha. Mnajiona wepesi.

Nilijifunza pia kutoamini maswali ya siri. Mashine huuliza: babu yako aliitwa nani? Ulizaliwa wapi? Waliotunga maswali hayo hawajawahi kukaa kwenye harusi ya Bonde la Ruzizi, ambako msemaji wa familia husimama na kuwataja mababu mmoja baada ya mwingine mbele ya kijiji kizima, pamoja na mlima walikotokea na ng'ombe waliomiliki. Mwalimu mmoja wa sekondari aliibiwa akaunti yake na mtu aliyekuwa ameketi kwenye harusi ya dada yake akila wali. Baada ya hapo niliwafundisha wateja kuidanganya mashine. Ikuulize babu, itajie samaki. Mwalimu yule, Mkatoliki safi, aliniuliza kama hiyo ni dhambi. Nikamwambia aungame kwa padri, ila asimtajie padri samaki gani.

Hayo yalikuwa mazito ya kuchekesha. Sasa niandike lile ambalo halichekeshi. Nimekuwa nikilizunguka tangu mwanzo wa karatasi hii.

Mama Nabintu alikuwa mkulima wa Lubarika, mpunga na mihogo. Alikuja asubuhi moja ya masika, matope hadi kwenye magoti, simu imefungwa kwenye pembe ya kitenge. Akaifungua, akaiweka mezani, akasema: "Papa, simu imenifukuza. Ni Jumapili ya pili sasa."

Nikaitazama. WhatsApp ilikuwa imemtoa nje, ikisema kwamba namba yake sasa inatumika kwenye simu nyingine. Nikamwuliza namba ni ipi. Akaitaja kwa moyo, kama sala. Ilikuwa namba ya Burundi.

Ninyi wote mnazijua namba hizo. Kila vita vinapotuvusha mto Ruzizi kwenda Burundi, watu hununua laini za kule, hufungua WhatsApp kwa laini hizo, kisha amani inarudi kidogo na wao wanarudi kulima. Laini inabaki ndani ya simu bila salio, haipigi wala haipigiwi. Lakini WhatsApp inaendelea, maana ilishaijua namba, na mtu anapata intaneti kwa laini ya Kongo. Mtu husema namba yake iko hai. Haiko hai. Ni maiti inayotembea. Laini ikikaa kimya muda mrefu, kampuni huirudisha sokoni na mgeni huinunua. Mgeni akifungua WhatsApp, msimbo wa uthibitisho unaenda kwake, kwa halali kabisa, na weye unafukuzwa kwenye jina lako.

Kibaya zaidi, laini ile haikuwahi kuwa yake hata mwanzoni. Alipofika ng'ambo hakuwa na kitambulisho, na mwenye nyumba aliyewapokea alimwandikishia laini kwa jina lake mwenyewe. Ulikuwa wema. Nusu ya watu wa bonde letu wanatembea na wema wa namna hiyo mfukoni.

"Ni nani aliyekuwa anakuandikia kwenye namba hiyo, mama?"

"Bahati. Mutoto wangu."

Bahati alikuwa mtoto pekee aliyebaki hai. Wakiwa kambini Burundi, jina lake lilitoka pamoja na la shangazi yake kwenda Amerika. Mama Nabintu alikuwa amerudi Lubarika kumwuguza mama yake mzazi, na ndege haingoji mgonjwa. Mtoto akaenda. Shangazi akafa huko. Tangu hapo, kila Jumapili baada ya misa, mama na mtoto walitumiana sauti. Hakuwa na kamba nyingine ya kumshika mtoto wake isipokuwa namba ile.

"Yesu Mariya," Mama Riziki akasema kutoka mlangoni. "Papa Diploma, leo karatasi yako iseme kitu."

Nilimfungulia WhatsApp mpya kwa laini ya Kongo, iliyoandikishwa kwa jina lake, kwa kadi yake ya uchaguzi, na nikamwekea kufuli la pili, ile siri ya tarakimu inayoombwa hata baada ya msimbo wa uthibitisho. Namba ya Bahati ilikuwa bado ndani ya simu. Nikadhani kazi imekwisha. Tukapiga, hakushika. Tukapiga tena, hakushika. Kisha maandishi yakaingia, nikayasoma kimya kabla ya kuyasoma kwa sauti:

"Mama yangu ameniambia mutapiga na namba mpya. Musinisumbue."

Mama Nabintu akacheka kwanza. Alidhani nimesoma vibaya.

Nilivuka nikaenda naye Bujumbura. Kijana wa kampuni ya simu alitupokea kwa heshima, akatupa hata viti. Akasema namba ina mwenyewe, ameiandikisha kwa kitambulisho chake, na ya zamani nayo haikuwa kwa jina la mama huyu. Hakuruhusiwa kutuambia mwenyewe ni nani. Alikuwa anafanya kazi yake vizuri. Hivyo ndivyo ninyi pia mnavyopaswa kufanya, na ndiyo sababu sikuweza hata kumkasirikia. Polisi wa kule alisema aliyedanganywa yuko Amerika. Polisi wa huku alisema mwizi yuko kule. Niliwaandikia wenye programu kwa Kifaransa na kwa Kiingereza, barua mbili ambazo najua hakuna mtu wa Uvira angeziandika vizuri zaidi. Ikajibu mashine. Ilinishukuru.

Njiani kurudi, Mama Nabintu aliniuliza swali moja tu. "Huyo mutu, anamuitaka nani? Anamuita Bahati, ao anamuita mutoto wangu?"



Nikamshauri tumwandikie Bahati ombi moja: apokee simu mara moja, amwulize mama lolote analotaka. Ilichukua wiki kadhaa. Mwishowe akakubali. Siku hiyo nilifunga mlango wa duka, Mama Riziki akaingia ndani na beseni lake la mandazi, na simu tukaiweka mezani ikiwa na sauti ya wote kusikia, kama tunavyofanya huku.

"Allo, Bahati. Ni minye mama yako."

Ikaja sauti ya mwanamume, Kiswahili chetu kimeanza kupauka pembeni. "Weye uko nani?"

"Nabintu. Minye Nabintu, mama yako."

"Mama yangu iko na namba yake. Ninamujua kwa ile namba tangu nikiwa mutoto."

"Ile namba waliniibia, mutoto wangu. Walinifukuza."

"Na yeye alisema mutasema vile."

Nikainama kwenye simu. "Bwana Bahati, mwulize jambo mnalolijua ninyi wawili tu."

"Huyo anaongea nyuma ni nani?"

"Ni papa wa machine," akasema Mama Nabintu.

"Basi muko wengi," Bahati akasema. Nikajiondoa kwenye simu. Kila neno langu la msaada lilikuwa ushahidi dhidi ya mama.

Hata hivyo akauliza. "Siku tulivuka Ruzizi, nilibeba nini?"

Mama Nabintu hakusubiri. "Kuku! Ulimubeba ndani ya shati. Akakunyea tumbo lote, na ukakataa kumuachilia, nikakuchapa, na hukulia juu ya kuogopa askari."

Mama Riziki akapiga makofi. Hata kule ng'ambo ya bahari nilisikia kitu kama kicheko kikianza. Kikakatika.

"Hiyo mama alishanikumbusha. Mwezi uliopita tu. Tulicheka sana."

Mimi najua kazi hii. Nilijua palepale jinsi ilivyotokea. "Nani aliianza, bwana? Ni yeye aliyemtaja kuku, au ni weye?"

Akafikiri. Alifikiri kwa uaminifu, hilo nampa. "Sikumbuki," akasema. "Anaumwa koo tangu wamupasue. Hawezi kusema, anaandikiwa na jirani. Minye ndiye nasema kwa wingi."

Ndivyo ilivyokuwa. Mwizi hakulazimika kujua lolote. Alijifanya mgonjwa tu, na mtoto mwema, ili kumpa mgonjwa moyo, alimsimulia maisha yake yote: kuku, mto, babu, shangazi, jina la mbwa. Na mwandiko wa mgeni haukumshtua, kwa sababu mama yake hajui kuandika na kila alipotuma maandishi badala ya sauti aliandikiwa na mtu mwingine. Dawa za koo la mtu asiyekuwepo zilikuwa zimelipwa kwa muda gani sikuuliza.

"Basi sikiliza sauti yake!" Mama Riziki akalipuka. "Weye mutoto, haumujui mama kwa sauti?"

"Sauti ni yake," Bahati akasema. "Ni yake kabisa. Ndiyo maana ninaogopa. Mama aliniandikia kwamba waliiba sauti zake ndani ya simu, na sasa kuko mashine inasema kama yeye. Hata sura wanatengeneza. Alisema nisiamini namba mpya, nisiamini sauti, nisiamini sura."

Nimewafundisha watu wa Kimanga somo hilo maisha yangu yote, na sikuwahi kupata mwanafunzi aliyelishika vizuri namna ile.

Tukajaribu simu ya picha. Mtandao wetu mnaujua. Ikatokea sura ya Mama Nabintu kwenye kioo, ikaganda mdomo ukiwa wazi, ikavunjika vipande, ikarudi. Na sura yenyewe ilikuwa ya mwanamke aliyekonda, meno mawili hayapo, kilemba cha shamba. Kwenye namba ya zamani bado kuna picha aliyopigwa Burundi, amenenepa kidogo kwa posho, kitenge cha kijani, anacheka. Mwizi hakuibadilisha. Bahati alizitazama zote mbili, na nani angemlaumu kwa ile aliyoichagua?

"Muogope Mungu, mama," alisema, kwa upole kabisa. "Kama weye uko mama wa mutu, muogope Mungu."

Akakata. Tulipompigia tena, namba yetu ilikuwa imefungiwa.

Mama Riziki alilia. Mimi nilisimama chini ya diploma yangu nikitafuta njia nyingine, na nilizitaja zote kwa sauti: kumtafuta padri wa huko, kumtafuta Mkongo yeyote wa mji ule, kutuma mtu. Nilizijaribu baadaye, kila moja. Padri aliahidi. Wakongo wa mji ule walimwendea, na akawafungia mlango, kwa kuwa mama alikuwa amemwonya kwamba wezi watatuma watu.

Lakini siku ile Mama Nabintu hakunisikiliza. Alikuwa ameivuta simu karibu, anaitazama picha yake mwenyewe ya kitenge cha kijani. Chini yake paliandikwa kwamba mwenye namba yuko hewani.

"Iko pale sasa?"

"Yuko."

"Nikisema, atasikia?"

"Ukiandika, atasoma. Mama, usimwandikie. Huyo ni mwizi. Ukimwandikia ataijua namba yako mpya."

"Andika, papa."

Katika miaka yangu yote sijawahi kumwandikia mwizi. Niliketi. Akasema taratibu, akiningoja kila nilipochelewa kuona herufi:

"Weye unayekaa kwa jina langu. Sikutukani. Bahati hanisikii, anakusikia weye. Mwambie asilale na madirisha wazi, kifua chake ni kibovu tangu utotoni. Mwambie bibi yake alizikwa vizuri, sikumuambia kwa sababu alikuwa na mitihani. Mwambie aoe. Mwambie asinitumie kitu, ale."

Nikaisoma yote. Akasema sawa, tuma. Nikatuma. Zile alama mbili zikageuka buluu mara moja, halafu pakaandikwa kwamba mtu anaandika. Pakafutika. Pakaandikwa tena. Mama Riziki aliacha kulia ili atazame. Nilingoja matusi, au kucheka, au kufungiwa.

Likaja jibu fupi.

"Ndiyo mama. Nitamwambia."

"Anasema nini?"

Nikamsomea. Akaniomba nisome tena, nikasoma tena.

"Ameniita mama?"

"Amekuita mama," nikasema.